Shamba la Mwanaume Haliulizwi

Kitti, Pohnpei
3 Juni 2013

Rosenda,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mwenyewe. Sikumpa katekista anisomee, sikumpa dada yako Persida, imenichukua siku mbili na nusu na nimeimaliza. Mwambie mkubwa wako wa kazi huko Melbourne kwamba babu yako alisoma miaka mitatu kwa mwalimu wa Kijapani aliyetupiga kwa mwanzi, na herufi iliyoingia kwa mwanzi haitoki.

Sasa sikiliza. Nimekasirika.

Siku tulipokuaga, ukoo ulichinja nguruwe wanne. Wawili walikuwa wangu, na walikuwa wakubwa kuliko wale wengine wawili, uliza yeyote. Tukasema huyu binti anakwenda kujifunza mwili wa mtu unavyojikinga na maradhi. Miaka tisa imepita. Leo unaniandikia maswali matano. Kitukuu changu Mihna anakula nini. Anaharisha mara ngapi kwa mwezi. Anapewa ndizi karat kama watoto wa zamani au hapewi. Zinatiwa tui au hazitiwi. Na la tano nimelisoma mara nne nikidhani macho yananichezea: "Babu, una mashina mangapi ya karat shambani?"

Nani amekufundisha adabu hiyo? Hao Wazungu? Mwanaume haulizwi ana nini shambani! Bibi yako nimeishi naye miaka arobaini na minane, Mungu amrehemu, hakuniuliza hata siku moja. Alikuwa anakiona kitu siku kinapofika jikoni. Mtu akipita karibu na viazi vyangu vikuu anageuza uso akaangalia pembeni. Hata mimi nikipita kwa jirani yetu Ewalt naangalia pembeni, ingawa kwa Ewalt hakuna cha kuangalia.

Lakini nitakujibu kwa sababu wewe ni damu yangu. Mihna ana mwaka mmoja na nusu. Dada yako akienda kazini, kwenye lile duka la Kolonia, mimi ndiye ninayekaa na mtoto na mimi ndiye ninayemlisha. Anakula kiazi changu kikuu, cheupe kama karatasi hii, na wali. Kuharisha, watoto wote wanaharisha. Karat zipo. Zipo nyuma ya nyumba pale zilipokuwa. Basi.

Mtoto ni mzima na ni mcheshi sana. Jioni anatembea kama mtu aliyekunywa sakau vikombe sita, anagonga nguzo, anakanyaga sufuria. Juzi nilimwita aje kwangu, akanipita akaenda kukumbatia gunia la mchele. Tulicheka mpaka machozi. Asubuhi akili zake zinarudi.

Habari kubwa ni kwamba Antolin amefariki na cheo chake kiko wazi. Chifu atakitoa kwenye karamu ya Novemba, kwa atakayeleta kiazi kikuu kikubwa kuliko vyote. Mimi sisemi kitu. Hapa kwetu mwanaume hajisifu kwa kiazi chake. Nasema tu kwamba kuna kitu kiko ardhini mwaka wa sita huu, na siku kitakapotoka Ewalt atanyamaza mpaka Pasaka.

Babu yako,
Kasiano


Melbourne
27 Juni 2013

Babu yangu,

Nisamehe swali la tano. Najua nilikosa adabu, na nililiandika nikijua.

Wewe umelisoma swali langu mara nne. Mimi nimesoma ile habari ya jioni mara nyingi zaidi ya hizo, na sikucheka hata mara moja. Babu, mtoto anayeona vizuri mchana kisha akakosa macho jua linapozama si mcheshi. Haoni. Alikusikia unamwita, akafuata sauti, akakumbatia gunia akidhani ni wewe.

Amepungukiwa na vitamini A. Mwili wake ungeitengeneza kutokana na ile rangi iliyo ndani ya karat, ile njano inayokaribia chungwa. Kiazi kikuu cheupe hakina. Wali hauna. Macho ndiyo yanayosema kwanza, kwa sababu macho hayana subira. Lakini kuna mahali pengine panapoumia kimya, na huko ndiko kazi yangu iliko: kwenye utumbo.

Nitakueleza kama ningekuwa nimekaa hapo karibu nawe. Kwenye ukuta wa utumbo kuna seli za kinga. Hazizaliwi zikijua kazi. Zinafika changa, kama vijana wanaoingia ukumbi wa karamu mara ya kwanza wakasimama tu na mikono yao. Lazima mtu awaambie: wewe chochea mawe ya kuokea, wewe ponda mizizi ya sakau, wewe simama mlangoni. Kwenye utumbo anayetoa amri hizo ni chakula. Ile njano inapita ukutani pamoja na mafuta. Bila mafuta haipiti vizuri, na Bibi alijua hilo bila kusomeshwa na mtu, ndiyo maana hakutulisha karat bila tui. Ikishapita, mwili unaigeuza kuwa amri. Seli zinazoipata amri hiyo zinakuwa walinzi dhidi ya vijidudu vya kuharisha. Isipofika, walinzi hao wanapungua, na wanaongezeka wengine, wa kupigana na minyoo. Ni kama mwili unaona njaa inakuja na unajipanga upya: mlango huu tuuache, ule tuuzibe.

Kisha mtoto akiharisha, hata kile kidogo anachokula hakipati nafasi ya kupita ukutani. Walinzi wanapungua tena. Anaharisha tena. Unaona linavyozunguka?

Mimi na wenzangu tunaliona kwa panya. Tunawaondolea vitamini hiyo kwenye chakula, kisha tunaangalia utumbo wao kwa darubini. Nimeona vya kutosha. Sitaki kukuona ukiniandikia jambo hilo kuhusu Mihna.

Mpeleke zahanati. Wana kidonge chenye mafuta, wanamkamulia mdomoni. Halafu karat kila siku, na tui. Siulizi una mashina mangapi. Nauliza jambo moja: kama karat zipo nyuma ya nyumba, kwa nini mtoto hazili?

Mjukuu wako,
Rosenda


Kitti
21 Julai 2013

Rosenda,

Umeniweka na panya. Nimeisoma hiyo mara moja tu na imenitosha.

Sasa nakwambia aliyenijia hapa wiki iliyopita, na nina hakika wewe ndiye uliyemtuma. Nesi wa zahanati. Kijana mdogo, viatu vyeupe kwenye tope letu. Amekaa kwenye ukumbi wangu kama wa baba yake, akatoa utepe wa rangi akamzungushia Mihna mkononi kama mtu anayepima nguruwe wa karamu.

"Mzee, mkono wa mtoto huu ni mwembamba."

"Wewe mwenyewe mwembamba. Nani amekuja kwenu kukupima?"

"Amekuwa akiharisha siku ngapi?"

"Zako wewe siku ngapi?"

Akatoa kidonge chekundu, kinang'aa, kama jicho la samaki aliyelala juani. "Nakamulia matone mdomoni, Mzee, ni dakika moja."

"Kimetoka wapi hicho?"

"Kimetoka ng'ambo."

"Basi kirudi ng'ambo. Hapa hatuna upungufu."

Hapo ndipo alipokosea. Alikuwa anafunga mkoba wake, akasema kwa upole, na upole ndio ulionichoma: "Wanasema zamani ulikuwa na karat nyingi kuliko mtu yeyote hapa Kitti."

Eti nilikuwa! Nikamfungulia mbwa. Mbwa mwenyewe ni mzee, alimsindikiza mpaka barabarani akarudi akalala, lakini nesi alielewa.

Na wewe na seli zako zinazosubiri amri. Nimelea watoto tisa katika nyumba hii, hakuna aliyegonga nguzo. Sawa, bibi yako ndiye aliyewalisha. Lakini shamba lilikuwa la nani? Karat zipo, nimekwambia zipo. Mwaka huu mvua imezidi, hazijazaa vizuri, ndiyo sababu mtoto hajazipata. Mtu anayekaa kwenye mji wa baridi asinifundishe migomba.

Kiazi kinaendelea. Nimekifunika vizuri. Jana nilichimbua kidogo pembeni kwa mikono nikakigusa bega lake, nikafukia haraka. Siwezi kukuambia ukubwa kwa sababu si desturi. Kumi watabeba na watatu watapumzika njiani.

Babu yako,
Kasiano

*(Nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa kalamu nyingine)*

Dada, mimi Persida. Bahasha nimeifungua kwa mvuke wa birika, nitaibandika tena kwa wali. Kwa simu siwezi. Dukani nina bosi, nyumbani nina Babu, na Babu anasikia kuliko popo.

Karat hazipo. Alizikata miaka mitatu iliyopita, mashina thelathini na moja, Bibi akiwa hajamaliza mwezi kaburini. Zilikuwa zinakizibia jua kile kiazi chake. Alizikata asubuhi moja, akasimika nguzo za kiazi kipate kupanda juu, na hakuna mtu aliyesema kitu. Nani angesema? Ningemwuliza vipi mwanaume ana nini na hana nini shambani? Kila jioni napita pale nikitoka kazini na ninaangalia pembeni, kama tulivyofundishwa. Mtoto ni wangu, Dada, na ninaangalia pembeni.

Leo ni siku ya kumi na moja anaharisha. Amekuwa mwepesi, nikimbeba naona kama nimebeba nguo. Sema wewe. Aliye mbali hafukuzwi na mbwa.


Melbourne
8 Agosti 2013

Babu,

Karat hazipo. Usiulize nimejuaje. Kwetu si desturi kuuliza.

Barua hii nimeiandika mara tatu, na zile mbili za kwanza zilikuwa na matusi ambayo mjukuu hamwandikii babu yake. Hii ya tatu nimejizuia. Hata hivyo nitasema hili: mimi huku nikitaka kumnyima panya vitamini A lazima nijaze fomu kurasa kumi na nne, kamati ikae, iulize panya ataumia kiasi gani, kwa faida gani, na nitamlinda vipi. Panya, Babu. Wewe umemnyima Mihna bila hata fomu. Kwa ajili ya kiazi cha kumfunga mdomo Ewalt.

Unasema umelea tisa. Nami nililelewa humo. Namkumbuka Bibi amekaa kizingitini, karat imebanwa mapajani, anaikwangua kwa kijiko, anachovya kwenye tui, mdomo wangu, mdomo wa Persida, mdomo wangu. Mkojo wetu ulikuwa njano kama rangi ya dukani, na watoto wa kiume walishindana kuandika majina mchangani. Hakuna aliyetuambia kwamba tulikuwa tunafundisha walinzi wetu. Lakini ndicho tulichokuwa tunafanya, na mikono iliyotufundishia ilikuwa yake, na migomba ilikuwa yako. Wewe ulikuwa nusu ya kazi hiyo. Ndiyo maana nina hasira.

Nimempigia nesi. Hakutaka kurudi. Nimembembeleza kwa dakika ishirini. Atakuja tarehe ishirini na sita. Funga mbwa.

Kidonge kitamwinua, lakini utumbo unajenga walinzi wapya kila siku, na kila siku unahitaji kusikia amri. Chipukizi likipandwa leo litazaa mwaka ujao. Mihna hana mwaka wa kusubiri. Kuna mtu jirani ambaye hakukata zake. Unamjua, na unajua njia ya kwake, kwa sababu miaka yote umekuwa ukipita ukiangalia pembeni.

Rosenda


Kitti
2 Septemba 2013

Rosenda,

Mbwa nilimfunga.

Nesi alikuja na viatu vilevile. Hakunisalimia, nami sikumsalimia, tukawa sawa. Akakata ncha ya kidonge akakamua. Mihna akatema nusu, na akanitemea mimi. Nesi akasema, "Nusu imeingia, tutaongeza," akakamua kingine, nami nikamshika mtoto kichwa. Alipokuwa anaondoka nikamwambia njia ina utelezi. Ndiyo samahani yangu, akiitaka aichukue.

Sasa nitakueleza jambo na ukilisimulia kwa mtu mimi si babu yako.

Nilikwenda kwa Ewalt. Nilikwenda asubuhi, nikakaa ukingoni mwa ukumbi wake, mahali pa mtu asiye na cheo. Mkewe alikuwa anafagia. Ewalt akatoka akanikuta.

"Kasiano. Umepotea njia? Kwenye majigambo ni kule kwako."

"Nimekuja kukusalimia."

"Miaka ishirini na miwili hukunisalimia. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi umekuja kupeleleza shamba langu."

"Shamba lako lina cha kupeleleza?"

"Na bado umekaa," akasema, akaketi naye.

Tukakaa. Jua likapanda. Mkewe akatuletea shelisheli ya kuchoma, nikala, tukakaa tena. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno mazuri, ya kuzunguka, mtu asingejua nimeomba nini mpaka angekuwa amekwishanipa. Yote yakakauka. Nikasema: "Ewalt, una karat?"

Mkewe akaacha kufagia.

Nilimwuliza, Rosenda. Mimi Kasiano, mchana, mbele ya mke wake, nilimwuliza mwanaume ana nini shambani.

"Sema tena," akasema. "Sikio hili la upande huu bovu."

"Halina ubovu."

"Sema tena."

"Una karat? Mimi sina. Nilizikata zote."

Nikangoja acheke. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko chake tangu nilipotoka nyumbani, ningekivumilia, au ningempiga. Hakucheka. Akasema, "Ni za mtoto?"

"Umejuaje?"

"Kitti nzima inajua. Wewe unadhani mtu akiangalia pembeni haoni?"

Akaingia shambani na panga. Akarudi amebeba mkungu begani, umeiva nusu, njano hiyo inaumiza macho. Akaulaza mbele yangu. "Kila Jumamosi mtume Persida. Nazi unazo, au nazo ulizikata?"

"Nitakurudishia, Ewalt."

"Nikilisikia neno hilo tena nitakufungulia mbwa. Na wa kwangu ana meno."

Nikabeba mwenyewe mpaka nyumbani, watu wakiniona. Wote waliangalia pembeni. Zamani nilidhani wanafanya vile kwa kuniheshimu.

Naikwangua kwa kijiko cha bibi yako. Nilikitafuta siku nzima, kilikuwa kwenye kopo la misumari. Kwangua, chovya kwenye tui, mdomo. Mihna anafungua mdomo kabla kijiko hakijafika.

Bado nimekasirika. Nilikukasirikia wewe, haikukaa. Nikamkasirikia nesi, nikamkasirikia Ewalt kwa sababu hakucheka, haikukaa. Nikaikasirikia ile desturi, lakini desturi haikushika panga. Kila nikiitupa hasira hii inarudi kama mbwa wangu, inakuja kulala miguuni pangu.

Kasiano


Melbourne
24 Septemba 2013

Babu,

Sitakusifu. Utavimba.

Lakini nina langu la kusema, kwa kuwa wewe umesema lako. Yale maswali matano hayakuanza kwa ajili ya Mihna. Nilikuwa naandika ombi la utafiti na nilitaka kuweka ndani yake habari za karat za Kitti, idadi ya mashina kwa kila nyumba, lipendeze. Nilimtaja Mihna kwanza ili ujibu. Nilikuwa sijui kwamba anaumwa, na sikuwa nimeuliza mwaka mzima. Mimi pia niliangalia pembeni, ila mimi niliangalia kwenye darubini.

Ombi nimeliondoa. Litarudi siku nyingine, likiwa na maswali yanayoulizwa kwa adabu, na nesi wa viatu vyeupe akiwa mwenzangu kama atakubali.

Karat isichemshwe mpaka ikavurugika. Tui lisikosekane. Akiharisha mpe maji ya chumvi na sukari, nesi atakuonyesha kipimo. Na niambie jambo moja tu, bila kuongeza chumvi: jioni bado anagonga?

Rosenda


Kitti
30 Novemba 2013

Rosenda,

Hagongi.

Nilianza kuona mwezi wa Oktoba, lakini sikukuandikia maana ungesema nimeongeza chumvi. Nikafanya jaribio kama lenu la panya. Jua lilipozama nikakaa pembeni mwa gunia la mchele, nimejifunika shuka la rangi ya gunia, nikamwita. Akaja moja kwa moja. Akanishika ndevu. Nikahamia upande wa pili, nikamwita, akaja. Mara saba. Persida akaja akanikuta nimejifunika shuka, akaniuliza kama naumwa.

Ameharisha mara moja tu tangu Septemba, siku tatu, ikaisha. Amekuwa mzito. Mkojo wake! Njano ya kwake inazidi ya watoto wote wa nyumba hii, nyinyi mlikuwa mkikojoa maji ya kunawa. Hapa ninapoandika amekaa mapajani na amekwisha kunilowesha, ukiona doa kwenye karatasi usiulize.

Sasa sikiliza habari ya karamu.

Kiazi kilitoka. Tulichimba siku mbili. Nilisema kumi watabeba, nilidanganya. Walikuwa kumi na wawili, na mti wa kukibebea ulilia njia nzima. Miaka sita, Rosenda. Watu walipokiona kikiingia ukumbini, walisahau kuangalia pembeni. Chifu mwenyewe aliinuka kidogo kwenye kiti. Mpaza sauti akauliza, kama inavyoulizwa, "Cha nani?"

Wapwa wangu waliokibeba wakanitazama. Ewalt alikuwa amekaa kule na kiazi chake, kizuri tu, kama mtoto wa changu. Nikasimama nikasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia:

"Cha Ewalt."

Ewalt akafungua mdomo. Angesema nini? Abishane juu ya kiazi mbele ya Chifu? Hajapata kuzaliwa mtu wa kufanya aibu hiyo. Wapwa wangu wakaangalia pembeni. Basi cheo cha marehemu Antolin akavishwa Ewalt, na shada la maua kichwani, na kikombe cha kwanza cha sakau, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayefungwa jela.

Asubuhi alikuwa kwangu kabla sijanawa.

"Umenifanya mwizi!"

"Habari za asubuhi, Mheshimiwa."

"Usiniite hivyo! Nilikupa ndizi. Ndizi, Kasiano! Mtu akikupa ndizi unamlipa cheo?"

"Nani amelipa? Ulisema nikilitaja neno hilo utanifungulia mbwa. Mimi sijalitaja. Nenda kwa Chifu ukamwambie si chako."

"Nitaonekana mwongo."

"Mwongo umeshakuwa. Sasa ni mwongo mwenye cheo."

Alizunguka ukumbi mara mbili akinitukana, mpaka Mihna akaamka, akatoka, akaenda kumshika mguu. Alimjua kwa mbali, mlangoni, kwenye mwanga mdogo wa asubuhi. Ewalt akainama. Akamtazama sana. Kisha akaondoka bila kuaga.

Nikadhani ndiyo mwisho, tutaangaliana pembeni miaka mingine ishirini na miwili. Siku ya tatu amerudi na toroli. Machipukizi ya karat, mizizi na udongo wake, yamefungwa kwenye majani. Hakusema kitu, ila kwamba lile shimo la kiazi chake, akalisema hivyo, chake, akiuma meno, ni kubwa mno na mtoto atatumbukia. Tukalifukia. Tukapanda humo na kuzunguka mpaka ukuta wa banda la kuku, pale pale zilipokuwa za bibi yako. Nguzo za kiazi nimezikata kuni.

Mimi sasa nakaa ukumbini chini ya Ewalt, na inanikera kila karamu, usidhani hainikeri. Anapokea kikombe kabla yangu na ananitazama kama mimi ndiye niliyemwibia. Kiazi kile kilikuwa kikubwa kuliko chochote nilichowahi kukiona na hakuna atakayejua, isipokuwa wewe, na wapwa wangu kumi na wawili, na Persida, na nesi, na katekista nilimgusia kidogo.

Njoo Krismasi. Usiniletee shati. Lete kijiko, hiki kimeanza kuisha ncha.

Na swali lako la tano, ulilokosa adabu kuuliza na nikakosa adabu kukudanganya: una mashina mangapi ya karat shambani?

Kumi na matatu. Njoo uhesabu mwenyewe, na uangalie mbele.

Babu yako,
Kasiano